Mchezo gani wa penseli kwa klabu ya hisabati: Visanduku, Cram, Sprouts, Connect Four au Hex?

Daftari moja la miraba, penseli mbili na kifutio: klabu nyingi za hisabati huku kwetu, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, zina uhakika wa hivyo tu. Vinatosha kabisa. Iko michezo ya watu wawili inayochezwa kwa vifaa hivyo pekee, isiyo na dadu wala karata za kuficha, na ambayo ushindi wake hauna bahati ndani yake. Walimu wenzangu na wazazi huuliza waanze na upi. Jibu langu hutegemea jambo moja: mchezo huo unamwezesha mtoto kufanya nini na hesabu ya zamu.

Maana michezo hii mingi, ukiichuja, hufika mahali ambapo kila hatua iliyobaki ni hasara, na atakayelazimika kucheza hapo ndiye anayeumia. Ni nani huyo? Hesabu ya hatua zilizobaki ndiyo inayosema. Zikiwa shufwa (2, 4, 6) ataumia huyu. Zikiwa witiri (1, 3, 5) ataumia yule. Wazee wanaocheza ajua, ule mchezo wa mbegu na vishimo, wanalifahamu jambo hili vizuri, na vijana wa bodaboda wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda pale Kondele wanalifahamu pia: mtu anaweza kuwa na kete tele na bado akabanwa, kwa kuwa tu zamu imemfikia wakati mbaya. Faida ya karatasi ni kwamba hesabu yenyewe unaweza kuiandika pembeni na kuikagua.

Kwa hiyo kila mchezo nimeupima kwa maswali mawili. Je, mchezaji ana uwezo wa kuigeuza hesabu hiyo, ya shufwa ikawa witiri? Na je, mtoto wa Gredi ya 5 anaweza kuiona mapema, mchezo ungali katikati?

Visanduku

Huu wengi tuliucheza shuleni. Unapanga nukta kwa safu, mnapokezana kuunganisha nukta mbili jirani, na anayefunga kisanduku anaandika herufi yake ndani kisha anacheza tena. Mfaransa Édouard Lucas aliueleza kwa maandishi mwaka 1889. Watoto wengi huucheza kwa namna moja: chora popote pasipo na hatari, halafu ngoja mwenzio aishiwe na pa kuchora. Hapo wanapofika ndipo mchezo unapoanza hasa.

Chukua ubao wa nukta 4 kwa 4. Una nukta 16, visanduku 9 na mistari 24. Tuseme mistari 13 imekwisha kuchorwa na hakuna kisanduku kilichofungwa. Mistari 11 iliyobaki yote imo katika minyororo miwili, yaani misururu ya visanduku vinavyofuatana ambayo kikifunguka kimoja vyote vinaweza kuzolewa: mmoja unapitia visanduku 4, mwingine visanduku 5. Hatua ya 14 ni ya mchezaji wa pili, na popote atakapochora atakuwa amefungua mlango. Anafungua ule mdogo.

Sasa mtazame mchezaji wa kwanza. Asiyejua atavibeba vyote vinne kwa furaha, kisha atakumbuka kwamba ni lazima acheze tena, na kilichobaki ni mnyororo wa 5. Mwenzake anauzoa wote, na matokeo ni 5 kwa 4 dhidi yake. Anayejua hufunga viwili tu. Badala ya kufunga cha tatu, huchora mstari wa mwisho kabisa wa mnyororo ule, ili visanduku viwili vilivyobaki vifungwe pamoja kwa mstari mmoja. Mwenzake akivichukua, inambidi acheze tena, na hana pengine pa kuchora ila kwenye ule wa 5. Akiviacha, hali yake ni mbaya zaidi. Mchezo unaisha 7 kwa 2. Visanduku viwili vimetolewa, vitano vimeingia, na aliyevitoa ndiye aliyeshika mpini tangu hapo.

Swali linalofuata ni la shufwa na witiri: nani atalazimika kufungua mnyororo wa kwanza? Elwyn Berlekamp, mwanahisabati wa Marekani aliyeuchunguza mchezo huu kuliko wengi, aliacha kanuni fupi. Jumlisha idadi ya nukta za ubao na idadi ya minyororo mirefu, yaani ile yenye visanduku 3 au zaidi. Mchezaji wa kwanza anataka jumla iwe shufwa. Wa pili anataka iwe witiri. Katika mfano wetu 16 na 2 ni 18, ndiyo maana mpini ulikuwa kwa wa kwanza. Ungekuwa mnyororo mmoja, jumla ingekuwa 17 na mambo yangegeuka.

Utamu wake ni huu: idadi ya nukta haibadiliki, lakini idadi ya minyororo iko mikononi mwa wachezaji. Mstari mmoja katikati ya ubao, mapema, ukionekana hauna kazi, unaweza kuugawa mnyororo mmoja kuwa miwili au kuunganisha miwili ikawa mmoja. Ukiona hesabu inakuendea kombo, unaweza hata kutoa kisanduku kimoja sadaka ili kuuvunja mnyororo uliokuwa ukirefuka. Wale waliokwisha kuelewa utawatambua kwa daftari zao: juu ya ukurasa wameandika "16 + ?" kabla ya mstari wa kwanza, na katikati ya mchezo kidole kinapita juu ya miraba kikihesabu minyororo.

Kuna vifungu viwili vya kuongezea kanuni ikishazoeleka. Mnyororo wa visanduku viwili hauhesabiwi, kwa sababu anayeufungua anaweza kuchora mstari wa katikati na kumnyima mwenzake nafasi ya kufanya ujanja ule. Na mnyororo unaojizungusha ukarudi ulikoanzia hauhesabiwi pia; kwenye huo anayetaka kubaki na mpini huacha visanduku vinne, si viwili. Msiwape watoto vifungu hivi siku ya kwanza.

Ushauri wa ukubwa: chagueni visanduku 3 kwa 3 au 5 kwa 5. Idadi ya visanduku ikiwa witiri, 9 au 25, hakuna sare. Ubao wa visanduku 4 kwa 4 unaweza kuisha 8 kwa 8. Tena una nukta 25, hivyo mchezaji wa kwanza anatafuta minyororo ya witiri, kinyume cha alivyozoea kwenye ule mdogo. Kwa wanaoanza, mabadiliko hayo huwavuruga.

Cram

Kwa Gredi ya 3 na ya 4 Visanduku bado vina mengi ya kushika kwa mara moja. Cram haina chochote cha kushika. Chora mstatili kwenye daftari la miraba. Kila mmoja kwa zamu anatia kivuli miraba miwili inayopakana kwa ubavu, ya kulala au ya kusimama. Atakayekosa miraba miwili ya kutia kivuli ameshindwa. Mchezo wa 4 kwa 4 hauchukui hata dakika mbili.

Hapa hesabu inaonekana kwa macho. Ubao ukiwa shufwa kwa shufwa, kama 4 kwa 4 au 4 kwa 6, mchezaji wa pili hashindwi kamwe akicheza upande wa pili wa katikati kila mara: daftari likigeuzwa kichwa chini, hatua yake iangukie palepale ilipokuwa ya mwenzake. Kila mwenzake anapopata nafasi, naye ana pacha wake. Ubao ukiwa shufwa kwa witiri, kama 4 kwa 5, mchezaji wa kwanza anaziba miraba miwili ya katikati kabisa, kisha yeye ndiye anayegeuka mfuasi. Witiri kwa witiri njia hii inavunjika, kwa kuwa mmoja akiziba mraba wa katikati pacha haupatikani tena.

Ukiuweka sambamba na Visanduku, Cram ni rahisi kuuona na vigumu kuupigania. Mtoto akishaijua siri, ubao wa shufwa hauna mchezo tena dhidi yake. Lakini sioni njia nzuri zaidi ya kumfanya mtoto agundue mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba kuwa wa pili kunaweza kuwa faida. Wengi huja wakiamini anayeanza ndiye mwenye bahati, na utawasikia wakigombea: "Mwalimu, yeye anaanza kila siku!" Mpe huyo anayelalamika ubao wa 4 kwa 4 aanze.

Ukiona wamezoea, tumia ubao wa 5 kwa 5, au futa mraba mmoja au miwili ya pembeni kabla ya kuanza. Mbinu ya pacha inaharibika na wanarudi kufikiri.

Sprouts na dada yake

Sprouts ulizaliwa Cambridge mwaka 1967, kazi ya John Conway na Michael Paterson. Unaanza na nukta chache popote kwenye karatasi. Hatua moja ni kuchora mstari, hata uliopinda, kutoka nukta hadi nukta au kutoka nukta hadi nukta ileile, kisha kuweka nukta mpya katikati ya mstari huo. Mistari haikatizani, na nukta haibebi zaidi ya mistari mitatu. Atakayekosa pa kuchora ameshindwa.

Hesabu yake ni safi mno. Kila nukta ina maisha matatu. Hatua moja inatumia maisha mawili na nukta mpya inaleta moja, kwa hiyo kila hatua inapunguza uhai mmoja. Ukianza na nukta 3 una maisha 9. Mchezo unaisha kukiwa na nukta kadhaa zenye uhai mmoja mmoja, zilizotengwa na mistari zisiweze kufikiana. Idadi ya hatua ni 9 kutoa nukta hizo zilizobaki hai. Kwa nukta 3 hatua haziwezi kupungua 6 wala kuzidi 8, hivyo zitakazobaki hai ni 1, 2 au 3. Mchezaji wa kwanza anahitaji hatua 7, maana yake anataka zibaki hai 2 kamili. Vita yote ni hiyo: nani atafanikiwa kufungia nukta hai ndani ya uzio, na nani atazuia.

Hapa kugeuza hesabu kunawezekana sana, pengine kuliko kwenye Visanduku. Kuiona mapema ndiko kugumu. Hakuna kanuni fupi ya kuandika juu ya ukurasa. Kwa nukta 1 na 2 mchezaji wa pili anaweza kulazimisha ushindi. Kwa 3, 4 na 5 ni wa kwanza. Kwa 6 ni wa pili tena. Mwaka 1991 David Applegate, Guy Jacobson na Daniel Sleator waliuchambua kwa kompyuta hadi nukta 11 na wakakisia kwamba mpangilio huo unajirudia kila baada ya nukta sita. Bado haujathibitishwa kwa nukta zote. Kwa mwanafunzi wa sekondari msingi nadhani hilo ni zawadi kubwa: swali ambalo wataalamu hawajalimaliza, na yeye anaweza kulichora kwenye karatasi.

Dada yake anaitwa Brussels Sprouts. Badala ya nukta unachora misalaba yenye ncha nne. Unaunganisha ncha mbili na kuweka kikato kwenye mstari mpya, kikiongeza ncha mbili. Unaonekana mkali kuliko Sprouts, kumbe hatua zake ni zilezile hata mkicheza ovyo: misalaba 2 huisha kwa hatua 8, misalaba 3 kwa hatua 13, daima mara tano ya misalaba kutoa mbili. Hakuna cha kupigania. Unafaa kutumika siku moja tu: waache wacheze jozi kumi na mbili kwa wakati mmoja, kila jozi na misalaba 2, kisha uulize nani ameshinda kila mahali. Watagundua kwamba waliofuata wote wameshinda, na swali la kwa nini litakuchukulia kipindi kizima.

Connect Four kwenye karatasi

Ule wa plastiki ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, lakini daftari la miraba linautosha: safu 7 za kusimama, kila moja na miraba 6, mnaweka X na O kuanzia chini kwenda juu kama vitu vinavyoangukia. Anayepata nne mfululizo, kwa ubavu, wima au mshazari, ameshinda.

Kila safu ina miraba 6, idadi shufwa. Kwa hiyo mchezaji wa pili akifuata juu ya mwenzake kila mara atapata mistari ya 2, 4 na 6, na wa kwanza atapata ya 1, 3 na 5. Sasa tuseme wa kwanza ana tatu zinazosubiri mraba wa mstari wa 3 katika safu fulani, na hakuna anayethubutu kuingia humo. Safu nyingine sita zinajaa, miraba 36, na zamu inarudi kwa wa kwanza. Anaweka mstari wa 1, wa pili analazimika kuweka wa 2, naye anamalizia kwenye wa 3. Ndiyo sababu wa kwanza hutafuta vitisho kwenye mistari witiri, na wa pili kwenye mistari shufwa.

James Allen na Victor Allis, kila mmoja kwa njia yake, waliumaliza mchezo huu mwaka 1988: anayeanza katikati anaweza kulazimisha ushindi, akianza safu iliyo kando ya katikati mchezo sahihi huisha sare, na akianza kwenye safu mbili za ukingoni upande wowote, wa pili ndiye anayeweza kushinda. Hilo halitawafikisha watoto popote kwa kukariri. Shida yake kubwa darasani ni kwamba michezo mingi huisha mapema kwa mtu kutoona mshazari, kabla hesabu ya safu haijapata nafasi ya kufanya kazi. Visanduku huwa vinafika kwenye hesabu kila mara. Connect Four hufika pale tu wachezaji wote wawili wakiwa macho. Mpe anayependa kungoja.

Hex na Bridg-It

Hii ni ya kuunganisha kingo mbili za ubao zinazotazamana, kila mchezaji na zake. Hex aliubuni Piet Hein wa Denmark mwaka 1942, na John Nash akaufikia peke yake mwaka 1948 huko Marekani. Hakuna sare kamwe, na Nash alionyesha kwamba anayeanza ana njia ya kushinda, bila kuonyesha njia yenyewe. Hapa hatua ya ziada haimdhuru mtu, kwa hiyo ule mbano wa mwisho haupo. Shufwa inabaki kwa sura ya jozi: sehemu zako mbili zikiwa na nafasi mbili wazi kati yao, mwenzio akiingia huku unapitia kule, na muungano hauvunjiki. Sheria nzuri ya kusawazisha ni kumruhusu wa pili, baada ya hatua ya kwanza tu, achukue upande wa mwenzake akitaka. Ubao wake ni wa vyumba vya pembe sita, na ni kazi kuvichora, lakini daftari la miraba linafaa mkikubaliana kwamba kila mraba unagusana na jirani wa pembe kwa mshazari wa upande mmoja tu. Wadogo husahau mshazari huo. Wa Gredi ya 7 hawasahau.

Bridg-It, wa David Gale, unatumia nukta za rangi mbili zilizopishana. Oliver Gross alipata jozi za kumshindisha anayeanza kila wakati: kila hatua ya mwenzio ina jibu moja lililokwisha kuchorwa. Ukiwaonyesha, mchezo umekwisha. Uwekeni mwisho wa muhula.

Kwa hali yako

Klabu ya watoto wengi wa umri mchanganyiko: Cram wiki ya kwanza, kisha Visanduku muhula mzima. Kama nina ruhusa ya kuchagua mmoja tu, ni Visanduku, na sina shaka, kwa kuwa ndio pekee hapa ambao hesabu yake inaandikika kwa namba mbili na bado inapiganiwa hadi mwisho. Wachezeni kwa michezo miwili, mkibadilishana wa kuanza, na mjumlishe visanduku vya yote miwili.

Ndugu wawili nyumbani, stima ikipotea usiku mmoja kule Nakuru: Hex kama wanakaribiana uwezo, Cram kama mmoja ni mdogo. Kwenye Cram mkubwa achague ukubwa wa ubao, mdogo achague kuanza au kufuata.

Ndani ya matatu ya Kisumu hadi Nakuru, na kona zote za kupitia Kericho, usijaribu Sprouts. Mistari inapinda isipotakiwa na mabishano hayaishi. Connect Four inavumilia mtikisiko, maana X iliyopinda bado ni X.

Na kwa wale wawili watatu wa sekondari msingi waliokwisha kumaliza siri za Visanduku, wape Sprouts ya nukta 3. Mwambie wa kwanza kazi yake ni zibaki hai nukta 2. Wa pili kazi yake ni ibaki 1 au zibaki 3. Kisha wape karatasi za kutosha.